Fueli Pampu ya Gari la Zamani: Lipia Kipimo Kabla ya Kulipia Spea

Gari la miaka ishirini likizima ghafla kwenye kilima cha Mabatini, Mwanza, likapigwa stata likagoma, likapoa likawaka tena, mtuhumiwa wa kwanza gereji huwa fueli pampu. Mara nyingine tuhuma ni ya kweli. Mara nyingine pampu isiyo na kosa hung'olewa, mpya ikafungwa, na baada ya wiki gari likarudi na ugonjwa uleule. Hapo mwenye gari amelipia spea, amelipia ufundi, amepoteza siku ya kazi, na bado hana gari linalowaka.

Watu wengi wakiuliza kubadilisha pampu ni shilingi ngapi, hutarajia kutajiwa bei ya dukani. Bei hiyo ni sehemu tu ya jibu. Gharama yenyewe huamuliwa kabla pampu haijanunuliwa: huamuliwa na aina ya pampu iliyomo garini, na kipimo kilichofanywa au kilichorukwa, na sababu iliyoiua pampu ya kwanza. Mwenye gari akiyajua hayo matatu, atakuwa na la kusema mbele ya fundi na mbele ya muuza spea. Asipoyajua, atalipa kila atakachoambiwa.

Pampu tatu, bili tatu

Swali la kwanza ni hili: gari lako lina pampu ya namna gani? Kazi ni moja, kuyatoa mafuta tankini na kuyafikisha kwenye injini, lakini njia ni tatu na bei zake hazikaribiani.

Aina ya kwanza ni ya zamani zaidi, ile ya magari ya kabureta: Land Rover za enzi zile, Peugeot 504, na pickup za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980. Pampu yake hufungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kemshafti. Ndani kuna kiwambo cha mpira, yaani diaframu, kinachopanda na kushuka, pamoja na vilango viwili vinavyoruhusu mafuta kupita upande mmoja tu. Presha yake ni ndogo, kati ya psi 3 na 6 hivi, kwa kipimo kilekile kinachotumika kupimia upepo wa tairi. Wavuvi wa Igombe, Kayenze na Ukerewe wanaifahamu kanuni hii, kwa sababu injini nyingi za boti za mipigo miwili zina pampu ya diaframu inayochezeshwa na mapigo ya hewa kutoka ndani ya injini yenyewe. Kinachokufa mara nyingi ni mpira, si mwili wa pampu. Pampu inayofunguka kwa skrubu hutengenezeka kwa kubadilishiwa diaframu na vilango, na bili yake ndiyo ndogo kuliko zote.

Aina ya pili ndiyo iliyojaa mitaani mwetu. Ni pampu ya umeme inayokaa ndani ya tanki, kwenye magari ya petroli yenye nozeli: Corolla, Carina, Corona na Mark II za miaka ya 1990, kisha Vitz, IST, Spacio na wenzao. Ni mota ndogo ya volti 12 iliyounganishwa na kisahani cha plastiki chenye meno, kiitwacho impela, kinachozunguka kwa kasi na kuyasukuma mafuta. Petroli hupita ndani ya mota yenyewe, ikiipooza na kuilainisha. Kwenye Corolla nyingi za miaka ya 1990 presha inayotakiwa ni psi 38 hadi 44. Kwenye Vitz na IST ni psi 44 hadi 50. Hii ni presha mara kumi hivi ya ile ya kabureta. Ndiyo maana pampu ya kabureta ikifungwa kwenye gari la nozeli kwa sababu ni rahisi, gari huwaka kwa shida au haliwaki kabisa, hata kama mafuta yanaonekana yanatoka.

Aina ya tatu ni ya presha kubwa. Injini za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama D-4 ya Toyota iliyomo kwenye Noah na Voxy za AZR60, au GDI ya Mitsubishi, zina pampu mbili: ya kawaida tankini, na nyingine juu ya injini inayopandisha presha hadi mamia ya psi, na kwenye D-4 hadi zaidi ya 1,000. Upande wa dizeli uko hivyohivyo. Pampu za zamani za kuzungusha, kama zile za injini za Toyota 2L na 3L, hufanya kazi kwa vyuma vilivyosuguliwa kwa usahihi mkubwa, na mfumo wa komoni reli wa dizeli za baadaye huweza kufika psi 20,000. Pampu hizi hazibadilishwi kwa kukisia. Hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kupimia pampu, na bili yake ni ya ngazi nyingine kabisa.

Kwa hiyo mwenye Noah ya D-4 anapoambiwa pampu imekufa, aulize mara moja: ipi? Bili ya moja inaweza kuwa mara kadhaa ya bili ya nyingine, na pampu ndogo ya tankini ikidhoofika hutoa dalili zinazofanana sana na za ile kubwa.

Dalili zinazofanana

Kuanzia hapa nitashikilia pampu ya tankini, kwa sababu ndiyo ya wengi.

Pampu inayochoka hujitangaza kwa njia chache. Gari huwaka kwa shida asubuhi. Hukosa nguvu likipanda mlima au likipakia. Huzima likiwa la moto na kukubali kuwaka likipoa. Sauti ya mluzi husikika upande wa nyuma.

Tatizo ni kwamba hakuna hata moja kati ya dalili hizo iliyo ya pampu peke yake. Filta ya mafuta iliyoziba humfanya dereva aamini pampu imekufa. Rilei iliyoungua ndani hufanya hivyohivyo. Waya wa ethi ulioliwa na kutu huipunguzia mota umeme, nayo huzunguka polepole. Sensa ya kranki ikichoka huzima gari likiwa la moto na kulirudisha likipoa, sawasawa na pampu. Mfuniko wa tanki ambao tundu lake la hewa limeziba hufanya tanki livute utupu hadi mafuta yakatae kutoka, na dawa yake ni mfuniko tu.

Upo pia mtego wa kusikiliza. Wengi wamefundishwa kuwasha swichi bila kupiga stata, kisha kutegea sikio sauti ya pampu kwa sekunde mbili. Kwenye magari mengi njia hiyo ni sahihi. Lakini Toyota nyingi za miaka ya 1990 haziwashi pampu swichi inapofunguliwa. Huiwasha stata inapozunguka, na kuiacha iendelee pale injini inapokuwa imeshika. Mtu akisikiliza Corolla ya namna hiyo swichi ikiwa wazi tu, hatasikia kitu, na ataihukumu pampu iliyo nzima. Magari hayo yana kisanduku kidogo cheusi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ndani yake fundi huunganisha tundu la FP na la +B kwa kipande cha waya, akafungua swichi, na pampu hulazimika kuzunguka. Ikizunguka, tatizo liko kabla yake: kwenye rilei, kwenye waya, au kwenye ishara ya injini. Kazi hiyo haimalizi dakika tano wala haihitaji spea yoyote.

Vipimo vinne

Kipimo cha haki cha fueli pampu kina sehemu nne, na mteja ana haki ya kuuliza kila moja ilisomaje.

Kwanza ni umeme. Fundi hupima volti kwenye plagi ya pampu wakati pampu inafanya kazi. Zinatakiwa zikaribiane sana na volti za betri. Zikisomeka 9 wakati betri ina 12, pampu haina kosa: inanyimwa umeme, na dawa ni kusafisha ethi au kubadilisha rilei.

Pili ni presha. Geji huunganishwa kwenye njia ya mafuta karibu na nozeli, na namba yake hulinganishwa na ya mtengenezaji. Presha ikiwa chini, fundi huubana kidogo kwa uangalifu mpira wa mafuta yanayorudi tankini, kwa gari lenye njia hiyo. Presha ikiruka juu mara moja, pampu ina nguvu. Kilichochoka ni regileta, kifaa kinachodhibiti presha.

Tatu ni ujazo. Pampu inaweza kuonyesha presha nzuri wakati injini iko sailensa, kisha ikashindwa kutoa mafuta ya kutosha gari likipanda mlima. Kwa magari madogo, pampu isiyoweza kutoa nusu lita kwa sekunde 30 inatia shaka. Hapa pia filta hujisema: ujazo ukiwa mdogo kabla ya filta mpya na mzuri baada yake, kesi imekwisha kwa bei ya filta.

Nne ni kuhifadhi presha. Injini ikizimwa, presha haipaswi kushuka papo hapo. Mwongozo wa Toyota kwa injini nyingi hutaka presha ibaki psi 21 au zaidi kwa dakika 5. Ikiporomoka, kilango cha pampu kinavuja, au nozeli, au regileta, na hiyo ndiyo sababu ya gari kuwaka kwa shida asubuhi ingawa mchana linakwenda vizuri.

Hesabu ya kipimo

Wateja wengi hukataa kulipia kipimo, wakiona ni fedha inayotolewa bila kitu kufungwa. Tufanye hesabu. Namba hizi ni za mfano tu. Kila msomaji aweke bei alizopewa yeye.

Tuseme pampu ni shilingi 60,000, ufundi wa kuifunga 30,000, na kipimo 15,000. Tuseme pia kwamba kosa jingine lililojificha, rilei kwa mfano, linatibika kwa 15,000.

Anayekisia akapatia hulipa 90,000. Anayekisia akakosea hulipa 90,000 hizo, kisha 15,000 za rilei, jumla 105,000. Anayepima kwanza, pampu ikiwa kweli imekufa, hulipa 105,000. Akipima akakuta ni rilei, hulipa 30,000 tu.

Maana yake ni kwamba kipimo humgharimu 15,000 mwenye pampu mbovu, na humwokolea 75,000 mwenye pampu nzima. Chukua magari sita. Matano pampu zimekufa kweli, moja imesingiziwa. Wale watano kwa pamoja wametoa 75,000 za ziada kwa kipimo, na yule mmoja ameokoa 75,000. Hesabu imelingana. Kwa hiyo hata kama fundi wako anapatia mara tano katika kila sita kwa kukisia, kipimo kimekwishajilipa, na bado hatujahesabu siku ya kazi iliyopotea wala nauli ya kuvutwa mara ya pili. Fundi anayekosea zaidi ya hapo bila kupima anamtia mteja hasara waziwazi. Na kadiri pampu inavyokuwa ghali, ndivyo kipimo kinavyozidi kuwa na faida. Kwa D-4 au dizeli, kuruka kipimo ni kucheza kamari.

Pampu gani inunuliwe

Kipimo kikithibitisha kwamba pampu imekufa, mteja hukutana na bidhaa za namna tatu: mpya orijino, mpya ya bei nafuu, na iliyotumika, iliyong'olewa kwenye gari lililokatwa Japani. Spea hufika Mwanza kutoka maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, na nyingine kupitia Sirari au Mutukula kutoka masoko ya Nairobi na Kampala. Njia hizo zote zina bidhaa nzuri na mbaya.

Ubora wa pampu haupo pale jicho linapofika. Mwaka 2020 Toyota iliyarudisha gereji magari zaidi ya milioni 3 duniani kwa sababu ya pampu zilizotengenezwa na Denso, kampuni inayoheshimika kuliko nyingi katika kazi hiyo. Impela za baadhi ya pampu zilikuwa na plastiki yenye msongamano mdogo. Plastiki hiyo ilinyonya petroli, ikavimba, ikaanza kugusa kuta za pampu, na mota ikasimama gari likiwa barabarani. Nafasi kati ya impela na ukuta wake ni ndogo kiasi kwamba uvimbe usioonekana kwa macho unatosha kuizuia. Kama plastiki isiyokidhi iliweza kuleta madhara hayo kwa mtengenezaji mwenye maabara, basi pampu feki iliyowekwa kwenye boksi lenye jina kubwa haina chochote cha kumpa mteja imani.

Ushauri wangu uko hivi. Kwa gari litakalobaki nawe miaka kadhaa au linalofanya biashara, nunua orijino kwa muuzaji anayekubali kuandika jina la bidhaa na muda wa garantii kwenye risiti. Pampu iliyotumika inaweza kuwa bora kuliko feki mpya, kwa kuwa ilitengenezwa kwa viwango. Lakini umri wake uliobaki haujulikani, basi inunuliwe tu kama muuzaji anakubali ipimwe presha ikiwa imefungwa garini na kurudishwa ikishindwa. Bei nafuu bila risiti na bila jina ni ya kukataa.

Swali la kununua mota tu au mkusanyiko mzima nalo lina maana kubwa kifedha. Kwenye magari mengi ya zamani, kinachokufa ni mota, na mota peke yake huuzwa. Kibebeo chake, geji ya mafuta na mfuniko vikiwa vizima, hakuna sababu ya kununua vyote.

Risiti idaiwe ile ya mashine ya EFD, si karatasi ya mkono. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyeeleza matumizi ya bidhaa akategemea ujuzi wa muuzaji. Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia. Haki hizo zote huanza na karatasi moja inayosema nani alimuuzia nani nini.

Ufundi unaoiua pampu mpya

Pampu nzuri ikifungwa vibaya hufa mapema, kisha duka likalaumiwa. Mambo matano yaangaliwe siku ya kazi.

Soksi ya pampu, lile chujio la kitambaa linalokaa sakafuni mwa tanki, ibadilishwe pamoja na pampu. Soksi ya zamani imejaa vumbi la miaka, na pampu mpya nyuma yake huwa kama mtu anayevuta maji kwa mrija ulioziba.

Filta kuu nayo ibadilishwe siku hiyohiyo, iwe iko chini ya boneti au ndani ya tanki.

Mpira mfupi unaounganisha pampu na bomba ndani ya tanki uwe wa aina inayoruhusiwa kuzama kwenye petroli. Hili hukosewa sana. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kuvumilia petroli kwa ndani. Ukizamishwa, petroli huushambulia kwa nje, ukalainika, ukapasuka au kuchomoka. Presha huishia tankini, gari hukosa nguvu, na pampu mpya husingiziwa tena.

Waya zisiunganishwe ndani ya tanki kwa kusokotwa na kufungwa gundi ya umeme. Petroli huyeyusha gundi hiyo, na waya uliobaki wazi ndani ya tanki ni hatari isiyovumilika. Plagi iliyoungua ibadilishwe yote.

Mwisho, tanki lenyewe litazamwe. Likiwa na kutu au maji chini, lisafishwe kabla ya pampu mpya kuingia. Oringi ya mfuniko iwe mpya, maana ya zamani huachia mvuke, na harufu ya petroli ndani ya gari ni dalili kwamba kazi haijakwisha.

Bei ya ufundi hutegemea pampu inafikiwaje. Magari mengi madogo yana kifuniko chini ya siti ya nyuma. Siti ikinyanyuliwa, skrubu chache zikifunguliwa, pampu inaonekana. Honda Fit ina tanki chini ya siti za mbele, na pickup nyingi hulazimu tanki lishushwe. Kushusha tanki lililojaa ni kazi nzito na ya hatari, hivyo peleka gari likiwa na mafuta kidogo siku hiyo moja.

Wapo wanaokwepa kazi hiyo kwa kufunga pampu ya nje, chini ya gari. Pampu za namna hiyo zimetengenezwa kusukuma zaidi kuliko kuvuta. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako petroli hugeuka mvuke kwa urahisi zaidi kuliko pwani. Njia ya kuvutia ikipata joto, pampu huvuta mvuke badala ya mafuta. Unafuu huo hudumu hadi foleni ya kwanza ya saa saba mchana.

Kuhusu usalama sina maneno ya kupunguza. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na hushika moto hata kwenye baridi kali. Presha itolewe kwanza kwa kuchomoa fyuzi ya pampu na kuiacha injini izime yenyewe. Betri ifunguliwe. Kazi ifanyike mahali pa wazi, mbali na anayechomelea, bila sigara wala taa ya waya uliochubuka, na kizima moto kiwe karibu. Gereji isiyoweza kutimiza hayo isipewe kazi ya tanki.

Nani aliiua ya kwanza

Pampu ya orijino iliyodumu miaka kumi na mitano imemaliza kazi yake kwa heshima. Iliyobadilishwa mara mbili ndani ya mwaka imeuawa, na muuaji asipopatikana ataua ya tatu.

Muuaji mkuu ni tanki tupu. Petroli ndiyo inayoipooza mota. Tanki likiwa na mafuta kidogo, kila kilima na kila kona huyasogeza yakaenda upande mmoja, na pampu huvuta hewa kwa sekunde chache, ikapata moto bila kilainishi. Mji wetu uliojengwa juu ya miamba una vilima kila upande. Dereva wa tambarare anaweza kutembea muda mrefu na taa ya mafuta imewaka. Wa Mabatini anaiadhibu pampu kila anapopanda kwenda nyumbani.

Kwenye magari ya biashara kuna sababu ya ndani zaidi, na wamiliki wengi hawajaitafakari. Dereva wa teksi au daladala hujaza mafuta kwa fedha ya siku, akapeleka hesabu kwa tajiri jioni, na kinachobaki ndicho chake. Mafuta yatakayolala tankini ni fedha iliyotoka mfukoni mwake, na kesho gari linaweza kupewa mtu mwingine. Kwa hiyo hununua kwa elfu tano tano, na gari hulala karibu tupu kila siku. Dereva hana kosa. Mpango ndio unaomlipa kwa kufanya hivyo. Pampu ikifa, anayelipa ni tajiri.

Tiba ni kubadilisha mpango. Tajiri ajaze robo tanki kwa fedha yake mara moja, na makubaliano yawe kwamba gari lirudi na robo ileile. Kwa tanki la lita 40, robo ni lita 10. Kwa bei iliyozunguka shilingi 3,000 kwa lita katika miaka ya karibuni, hiyo ni 30,000. Fedha hiyo haipotei, inabaki tankini siku zote kama mtaji, huku ikilinda kifaa kinachogharimu mara kadhaa ya hapo pamoja na siku ya kazi.

Muuaji wa pili ni mafuta machafu. Uchakachuaji wa petroli na dizeli kwa mafuta ya taa uliwahi kuwa janga nchini. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Kwa dizeli mchanganyiko huo ni mbaya zaidi, kwa sababu pampu za dizeli za kuzungusha hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulainishi wa kutosha; vyuma husuguana hadi kuharibika. Hata leo, mafuta ya chupa na madumu ya kando ya njia huja na maji na mchanga. Nunua sheli, tunza risiti, na gari likianza kusumbua muda mfupi baada ya kujaza, chukua sampuli kwenye chombo safi cha kioo kabla ya kuigusa pampu.

Kulipia kazi ya kufikiri

Fundi wa Mabatini anayekisia si lazima awe mjinga wala mwizi. Mara nyingi anafanya kile ambacho wateja wake wamekuwa tayari kukilipia. Tunalipa kwa kitu kilichofungwa, hatulipi kwa kosa lililotafutwa. Fundi akitumia saa nzima na mita na geji, akagundua ethi ina kutu, akaipiga msasa, mteja humpa elfu mbili na kumshukuru. Jirani yake akifunga pampu isiyohitajika, hupata malipo ya siku nzima. Kwa malipo ya namna hiyo, nani atanunua geji ya presha?

Ujuzi upo mjini. VETA ina chuo Mwanza kinachofundisha ufundi wa magari, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani. Kinachokosekana ni soko la kipimo. Soko hilo hutengenezwa na mteja anayefika gereji na kusema kabla ya kitu chochote kufunguliwa: "Fundi, nipimie kwanza, nitakulipa kipimo hata kama hutafunga kitu." Akisema hivyo, alipe kweli, na alipe vizuri, hata kosa likiwa ni waya wa shilingi mia tano. Wateja kumi wa namna hiyo kwa mwezi wanatosha kumfanya fundi mmoja anunue geji, na gereji ya pembeni itamfuata ili isipoteze kazi. Hapo ndipo gharama ya fueli pampu itashuka kwa kila mwenye gari la zamani mjini, hata kama bei ya spea haitapungua senti moja.